Jiwe la Mizani Ndani ya Ndoo ya Maandazi

Modesti alizaliwa Kipatimu, kwenye vilima vya Wamatumbi, ambako maji mengi kuliko yote aliyowahi kuyaona utotoni yalikuwa ya pipa la misheni. Kwa hiyo aliposhuka Kilwa Masoko akiwa na miaka ishirini na miwili na kutangaza kwamba anataka kuwa nahodha, watu wa bandarini walimpokea kwa ukarimu wao wote. Walicheka mpaka wakakaa chini.

Wakampa jina la Mkulima. Wakampa na kazi, maana kuchota maji yanayoingia chomboni hakuhitaji ukoo. Miaka tisa alichota, na katika miaka hiyo kila alipouliza chombo kinapitaje kwenye miamba na mafungu ya mchanga yaliyojificha majini, manahodha walishikwa na usahaulifu wa ghafla. Alama za njia, yaani mti gani uoane na kilima kipi ili upite salama, zilikuwa siri za nyumbani kwao, zinarithiwa kama shamba.

Mmoja tu ndiye aliyemwonea huruma. Mzee Abdala, ambaye babu yake na baba wa babu yake walikuwa manahodha, na ambaye hakuacha siku ipite bila kuwakumbusha watu jambo hilo, alimwambia, "Mwanangu, ukikaribia Fungu Mpofu, tafuta mivinje miwili pwani. Iache kushoto kwako. Utapita kama unapita sebuleni."

Modesti alipopata ngalawa yake ndogo ya kuvulia, akaiona mivinje miwili, akaiacha kushoto, akapanda juu ya Fungu Mpofu na kukaa hapo saa sita, mpaka maji yalipojaa tena. Aliporudi akaelezwa kwamba mivinje ile ilikatwa zamani, kabla hata hajabatizwa. Alichokiona ni nguzo za umeme.

"Mimi nilikwambia mivinje," alisema Mzee Abdala bila kupepesa macho. "Nguzo umezitafuta mwenyewe."

Iliuma, tena sana. Usiku ule Modesti alimwambia mkewe Apolonia kwamba hatamuuliza tena mtu yeyote wa pwani njia ya kwenda popote, hata chooni. Akafungua sanduku alilotoka nalo nyumbani, akatoa jiwe la mizani la kilo mbili, la chuma, ambalo baba yake alipimia maharage maisha yake yote. Juu lina pete, chini lina tundu. Kwenye pete akafunga kamba ndefu, na kila pima moja, yaani urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, Apolonia akafundika kipande cha kitenge chake kilichochakaa. Kwenye tundu akashindilia sabuni ya mche. Hiyo ikawa bildi yake. Akiitupa majini, kamba inamwambia kina, na sabuni inamletea juu kidogo cha kilichopo chini.

Hapo ndipo ukulima ulipoanza kumlipa. Watu wa pwani wakiona mchanga huona mchanga. Modesti aliona udongo. Aliufikicha, akaunusa, wakati mwingine akauonja, akajua huu ni wa kokoto na magamba ya chaza, umetoka mgongoni mwa fungu, na huu ni tope la kijivu linalonata, limelala kwenye mkondo wenye kina. Baada ya miaka miwili aliijua sakafu ya bahari kati ya Masoko na Songo Songo kuliko alivyojua shamba la baba yake, ambalo, tuseme kweli, hakuwahi kulipenda.

Halafu ikaja GPS, na Modesti akaipenda kwa mahaba mazito. Kifaa hakikumuuliza babu yake ni nani. Yeye ndiye wa kwanza kujifunza kuitumia, na kila jioni kwenye soko la samaki aliihubiri mpaka koo likakauka. "Setelaiti haina ukoo!" aliwaambia akina Abdala. "Setelaiti haina mivinje!" Aliwacheka wenye dira, akawacheka wenye alama. Kisha asubuhi alikwenda baharini na jiwe lake, na kila alipofika penye mashaka, akihakikisha hakuna anayemwona, alilitupa majini. Mhubiri mzuri hatakiwi kuonekana akifanya dhambi.

Sifa za mahubiri yake zikafika Lindi, mpaka Mitwero, kwa Bwana Edwin. Huyu alikuwa amenunua boti ya faiba ya kubeba abiria, injini mbili, viti vyenye mito, na skrini ya GPS kubwa kama dirisha la choo. Akaipa jina Dijitali. Alitaka nahodha wa kufanana nayo.

"Katika boti yangu sitaki kuona dira, sitaki upondo wa kusukumia, sitaki mawe na kamba," alimwambia Modesti. "Abiria akiona takataka za makumbusho atajua hatuna imani na mashine. Nikikuta moja, kazi huna."

Modesti akaitikia, "Sawa, bosi." Alikuwa na miaka arobaini na moja na hajawahi kuitwa nahodha kwenye karatasi yoyote. Mkataba ungesainiwa gatini Songo Songo, mbele ya wageni, mwisho wa safari ya uzinduzi. Basi kilichobaki kati yake na unahodha ni saa tatu za maji na ahadi ya kutobeba jiwe.

"Baba Ignatius," alisema Apolonia alfajiri ya siku hiyo, "na kukiharibika jambo?"

"Haliharibiki. Kuna setelaiti zaidi ya ishirini huko juu."

"Na chini je, kuna ngapi?"

Apolonia akaendelea kupanga maandazi kwenye ndoo, na Modesti alipoinyanyua aliona ni nzito kuliko maandazi. Alijifanya hamnazo, na moyoni akamshukuru mke wake.

Asubuhi Bwana Edwin aliikagua boti kama askari anayetafuta bangi. Chini ya kiti akakuta dira ya Modesti, akaishika kwa vidole viwili, akamwonya kwamba hiyo ni ya kwanza na ya mwisho, akamkabidhi dereva wa bodaboda pale bandarini aipeleke popote. Akafunua ndoo.

"Maandazi, bosi. Karibu."

"Mimi na sukari?" alisema Bwana Edwin, aliyekuwa na ugonjwa huo, akafunika ndoo haraka kwa woga wa kutamani.

Wakaondoka na wageni kumi na wanne, Mzee Abdala akiwemo kama mgeni rasmi, akiwakilisha zamani. Bwana Edwin aliweka spika mbili kubwa za muziki na friji ya soda. Spika, friji na skrini vilikula kwenye betri moja, na fundi aliyeunganisha alisifiwa sana kwa kubana matumizi. Walikwenda vizuri saa moja na nusu. Bwana Edwin alijirekodi kwa simu akiionyesha skrini, akieleza kwamba enzi za kubahatisha zimekwisha.

Mvua ikaanguka yote kwa mara moja, kama mtu aliyemwaga beseni. Pwani ikapotea, visiwa vikapotea, na mtu wa mbele hakumwona wa nyuma. Muziki ukapiga nusu ya ubeti ukanyamaza. Friji ikanyamaza. Skrini ikawa nyeusi.

"Iwashe," alisema Bwana Edwin.

"Nimewasha, bosi. Betri imekwisha."

"Basi tutumie simu yangu." Ilikuwa na asilimia nne, zilizobaki baada ya kurekodi. Ilifungua ramani, nayo bila mtandao ilikuwa karatasi nyeupe, na katikati yake doti moja ya bluu ikipepesa. Setelaiti zote zaidi ya ishirini zilikubaliana kwa uhakika mkubwa kwamba doti ipo pale ilipo. Kisha simu ikazimika. Modesti akaibonyeza ya kwake, lakini kioo kiliingia maji kikawa kinajifungulia picha za harusi za watu.

"Pindisha kidogo kulia," alishauri Mzee Abdala kwa sauti ya utaalamu. "Utaliona paa la mashine ya barafu kule pwani, ndiyo alama ya njia."

"Mzee, mimi siuoni hata mkono wangu."

"Basi subiri litokee." Kwa kweli hiyo ndiyo ilikuwa elimu yote ya mababu wote wawili siku hiyo.

Hapo wakasikia mawimbi yakivunjika. Si mbali. Mama mmoja akaanza kusoma dua, na wengine wakaitikia. Bwana Edwin alikuwa amevaa boya la kujiokoa juu chini, akimtazama Modesti kwa macho ya mtoto anayetaka kubebwa. Modesti akashika usukani. Lile lilikuwa Fungu Mpofu, alijua, lakini hakujua wako upande gani wake. Upande mmoja kuna mkondo wa kupita. Upande wa pili kuna mwamba unaopasua faiba kama yai. Jibu lilikuwa ndani ya ndoo miguuni pake, na mkataba ulikuwa ndani ya begi la Bwana Edwin, hatua mbili kutoka hapo.

Tuseme ukweli wake: alisitasita. Alifikiri, labda mvua itakata. Alifikiri juu ya neno Nahodha likiwa limechapwa kwa mashine pembeni ya jina lake. Kisha wimbi likavunjika karibu zaidi, akajionea aibu. Akapunguza injini, akaingiza mkono ndani ya ndoo mpaka kwenye kiwiko, maandazi yakamwagika sakafuni, akatoa jiwe la baba yake.

"Nini hicho?" aliuliza Bwana Edwin.

"Makumbusho, bosi. Shika usukani hivi hivi, usiupeleke popote."

Akalitupa. Vitenge vinne vikazama. Pima nne, na kwenye sabuni magamba ya chaza na kokoto. Mgongo wa fungu umekaribia. Akarudisha boti nyuma, akaipeleka kushoto polepole, akatupa tena. Pima tano, mchanga laini. Tena. Pima saba, na safari hii sabuni ilirudi na tope la kijivu linalonata. Akalinusa. Akalilamba mbele ya wageni kumi na wanne. "Mkondo," alisema kwa furaha. Kwa muda wa saa nzima Dijitali ilikwenda kwa kutupa jiwe na kulamba tope. Mzee Abdala ndiye aliyevuta kamba na kuhesabu vitenge kwa sauti, bila kutaja ukoo wa mtu.

Mvua ilipokatika, Songo Songo ilikuwa mbele yao, gati na watu wenye miavuli. Wakashangiliwa. Bwana Edwin akageuza boya lake likakaa sawa, akapanda gatini, akashika kipaza sauti.

"Mmeiona mvua ile?" alisema. "Na mmeona tumefika. Ndugu zangu, hii ndiyo teknolojia!"

Watu wakapiga makofi. Wageni kumi na wanne wakatazamana, nao wakapiga.

Pembeni, Bwana Edwin akatoa mkataba. "Nilisema nikikuta jiwe, kazi huna," alisema akiangalia chini. "Lakini nitakusamehe. Utasaini. Jiwe nipe mimi. Tutaliweka ofisini Masoko, ndani ya kabati la kioo, liandikwe Urithi Wetu. Watalii wanapenda mambo hayo."

Modesti alitamani kumtupia lile jiwe, si majini. Lilikuwa la baba yake, na asubuhi ile tu lilikuwa limeokoa watu kumi na sita, akiwemo mpumbavu mmoja. Lakini alisaini, na akalitoa, na mkono wake ukabaki mwepesi kwa namna iliyomtia huzuni njia yote ya kurudi.

"Nimekuwa nahodha," alimwambia Apolonia. "Jiwe limekwenda kabatini."

Apolonia alifungua sanduku, akatoa jiwe la kilo moja, ndugu mdogo wa lile, akaanza kuchana kitenge.

Jumatatu abiria walipanda, skrini ikawaka, na safari hii ilikuwa na betri yake peke yake. Kabla ya kung'oa nanga Bwana Edwin alifika kukagua. Alitazama chini ya viti. Akaja mpaka kwenye ndoo ya maandazi, akafunua, akachungulia, akafunika. Kisha akaishika mpini, akainyanyua kidogo kutoka sakafuni, akaisikilizia uzito wake. Akashusha pumzi, akaitua taratibu karibu na miguu ya nahodha.

"Twende," alimwambia Modesti, akawageukia abiria na kuanza kuwaeleza kuhusu setelaiti.