Malori Mawili Yaliyopanda Mamba

Hili nalisimulia kwa aibu, na mkitaka kucheka chekeni, maana mimi mwenyewe nilichelewa sana kulicheka.

Nilikuwa na kijiofisi cha kompyuta pale Same mjini. Wakulima wa tangawizi wa Mamba, kule milimani, walikuwa na programu ya zamani iliyohifadhi taarifa zao kwa XML (yaani maandishi matupu yaliyofungwa kwenye alama, jina hapa, magunia pale), na mwenyekiti wao, Mama Namkunda, akaniomba niihamishie kwenye JavaScript, lugha nyingine ya kuandikia programu, ili waifungue kwenye simu. Tangu soko la tangawizi liachwe huria kila mnunuzi alikuwa anakuja na bei yake, nao wakaona wakiujua mzigo wao wote watasikilizwa.

Nikahamisha. Nikajaribu kwa mkulima mmoja aliyeleta mzigo mara moja tu, jibu likatoka sawasawa, nikajipongeza na chai ya maziwa. Kumbe nimejimaliza! Kwenye XML hata namba ni maandishi, ile programu ya zamani ilikuwa inazigeuza yenyewe kuwa namba za hesabu, mimi sikuzigeuza, na JavaScript ukiipa maandishi iyajumlishe, yenyewe inayaunganisha tu: aliyeleta magunia manne, kisha matatu, akahesabiwa arobaini na matatu.

Mama Namkunda akanipigia. "Mwanangu, mbona mzigo umekuwa mkubwa hivi? Una hakika?"

"Mama, wewe mwite tu mnunuzi," nikamjibu (kwa sauti ya mtaalamu, Mungu anisamehe).

Basi Bwana Salehe, mfanyabiashara wa pale mjini, akapandisha malori mawili kwenye zile kona zetu za mlimani, nami nikapanda nayo, nimechomekea shati, nikapokee sifa. Tangawizi yote ikapakiwa. Lori la kwanza halikufika hata nusu.

"Mama, mzigo mwingine uko wapi?" Bwana Salehe akauliza.

Kisha mtu mmoja nyuma akasema, "Labda umeshauzwa, sisi hatukuambiwa."

Wote wakageuka kumtazama Mama Namkunda. Naye hakujitetea, alikuwa anautazama ule mzigo kama mtu aliyepotelewa. Nikafungua simu haraka, nikaona mkulima mmoja, Mzee Mbonea, ana magunia arobaini na matatu, nikamwuliza.

"Mimi?" akashangaa. "Nimeleta saba, kijana."

Nikasimama mbele yao nikasema kosa ni langu, mama huyu hajauza hata kipande, nikaeleza mpaka shati likalowa jasho. Wengine walicheka. Mama Namkunda hakucheka, akaniambia taratibu, "Umefanya vizuri kusema," akaenda kumwomba radhi Bwana Salehe, ambaye lori lake la pili lilishuka tupu.

Kurekebisha programu kulikuwa mstari mmoja tu. Lakini yale macho waliyomtazama nayo, mama aliyewapigania miaka yote ile, sikuwa na mstari wa kuyafuta. Nimeapa sitampa tena mtu hesabu ya kusimama nayo mbele ya wenzake kabla sijaketi na wenye mzigo wao, mmoja mmoja, hata kama itabidi nipande mlima kwa miguu.