Filamu Aliyoitafsiri Baba Mdogo

Baba mdogo, fundi viatu wa mtaani kwetu, enzi za ujana wake alikuwa mtafsiri wa filamu kwenye ukumbi wa video. Lugha ya zile filamu hakuijua hata ya kuombea maji. Alishika kipaza sauti, akatazama midomo ya watu ikichezacheza, akasema lolote lililomjia, na sisi kwenye mabenchi tukapiga miluzi. Tulimwita Redio.

Filamu moja ya mapigano iliujaza ukumbi miaka nenda miaka rudi. Ndani yake kuna mwanamke anayechechemea ambaye, risasi zikirindima, anamwacha steringi, shujaa wa filamu, na kuwaendea maadui.

"Kawauza wenzake, msaliti huyo!" Redio alinguruma. Mwanamke alipoanguka, tulishangilia.

Mama mdogo, mkewe, alikuwa anakata tiketi mlangoni. Naye anachechemea tangu utotoni. Basi jina likamganda: Msaliti. Utani tu, tulisema. Juzi kikundi chao cha akina mama kilipotaka kumkabidhi ufunguo wa ghala, mmoja akauliza, "Ghala tumpe Msaliti?" Wakacheka, na ufunguo akapewa mwingine.

Jumapili mchana akaniita.

"Ile filamu haipatikani kwenye simu yako? Miaka yote nilikuwa mlangoni, sijaiona hata siku moja. Nataka nimwone huyo mwenye jina langu."

Niliipata, tena ina maandishi ya Kiswahili chini, nikaiunganisha na televisheni yao. Baba mdogo akakumbuka ghafla kwamba ana viatu vya mteja vya kumalizia. Mkewe akamwambia akae.

Ikafika pale. Mwanamke akaanza kuchechemea kuelekea kwa maadui, na maandishi yakasema: "Wavushe majeruhi. Mimi nitawachelewesha hawa."

Hakuna aliyepiga mluzi. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, maana jina lile nami nimelitumia, tena mbele ya wanangu. Mama mdogo alisoma polepole, neno kwa neno. Baba mdogo alikuwa anabandua gundi iliyokauka vidoleni.

"Lugha yao sikuijua," akasema. "Nilikuwa nabahatisha tu. Unisamehe, mke wangu."

"Ya kwao hukuijua, sawa," mkewe akajibu bila kumtazama. "Lakini mimi waliniita kwa Kiswahili, na ulikuwepo."