Funga na Fungua

Fundi huyu wa injini za boti aliitwa Masikio tangu ujana wake, na si kwa sababu ya ukubwa wa masikio. Alikuwa anaweza kupita kando ya boti inayounguruma, hata hasimami, akakuambia plagi moja imechoka. Ukifungua, unaikuta. Jina likamganda, na mwenyewe akalipenda kuliko lile alilopewa na wazazi.

Sasa fikiria masaibu yake. Mwaka huu masikio hayohayo yalianza kumtoroka. La kulia lilitangulia, polepole, bila kuaga. La kushoto likabaki linasikia nusunusu, tena kwa kuchagua maneno. Hakumwambia mtu. Mteja akiongea, yeye anatazama midomo. Asipoambulia kitu, anasema "ndiyo" na kujitia ana haraka. Hofu yake ilikuwa moja: watu wakijua, nani atampelekea injini Masikio asiyesikia? Kazi nyingine haijui, wala haitaki.

Asubuhi hiyo boti ya zahanati ilikuwa uani kwake, juu ya trela. Dereva wa boti hiyo ni shemeji yake Masikio, mdogo wa mkewe, mwanamke mwenye mdomo mwepesi na mikono mizito, anayewavusha wauguzi kwenda ng'ambo. Jana walikuwa wamebadilisha propela. Leo wauguzi wanangoja ufukweni na masanduku ya chanjo, na barafu haingojei mtu. Kilichobaki ni kubonyeza kitufe tu, injini iinuke, ili propela isikwaruze ardhi trela ikivutwa. Shemeji akabonyeza. Injini ikakaa palepale.

Kinachoinua injini ya namna hii ni pampu ndogo ya umeme inayosukuma mafuta. Ukibonyeza, unasikiliza. Pampu ikiwa kimya, ugonjwa uko kwenye umeme. Ikivuma na injini isipande, achana na umeme, tafuta kwenye mafuta. Hapo ndipo fundi anapoanzia, na hapo hahitaji spana, anahitaji sikio. Masikio akainama, akasikiliza. Kimya. Hakujua kimya hicho ni cha pampu au ni chake.

Angeweza kuuliza. Badala yake akajikaza kisabuni, akaufuata umeme. Akachomoa fyuzi, akaikuta nzima. Akasugua vichwa vya betri mpaka vikang'aa, akabadilisha rilei, kile kiswichi kinachopeleka umeme kwenye pampu, akapapasa nyaya moja baada ya nyingine kama mtu anayetafuta funguo gizani. Kila mara alimpungia mkono shemeji abonyeze, na kila mara alisikia kimya kilekile. Shemeji alisema kitu kutoka kwenye usukani. Masikio, akiwa amempa mgongo, akajibu, "Ndiyo, ndiyo," akaendelea kufungua mfuniko ambao haukuwa na kosa lolote.

Simu ya shemeji ikawa haipoi, wauguzi wanataka kujua kulikoni. Mwishowe akashuka kwenye boti. Hakuja moja kwa moja. Alizunguka trela yote, akasimama upande wa kushoto wa fundi, akainama.

"Shemeji," alisema karibu kabisa na sikio, "pampu inavuma. Tangu mwanzo inavuma. Nimekwambia mara ngapi?"

Masikio akakaa chini, juu ya tairi kuukuu. Akatazama mikono yake, imejaa uchafu wa kazi isiyo na kazi. Kisha, kwa sababu ufundi haukuwa umemtoka hata kama masikio yamemtoka, akainuka na kukagua mafuta. Yamejaa. Basi akachukua bisibisi pana, akapeleka mkono kwenye skrubu iliyo ubavuni mwa injini. Skrubu hiyo ukiilegeza, mafuta hupita yapendavyo na injini unaishusha kwa mkono. Usipoikaza tena, pampu itavuma mpaka ichoke. Jana betri ilikuwa kwenye chaji, kwa hiyo akailegeza yeye mwenyewe ili aishushe injini kwa mkono. Akaigusa sasa. Ilikuwa inachezacheza.

"Lakini jana nilikuuliza," shemeji alisema. "Nikasema, umeifunga? Ukaniambia ndiyo."

Masikio akamgeukia. "Mimi nilisikia, umeifungua? Na kweli, nilikuwa nimeifungua."

Akangoja. Alidhani sasa ndiyo basi, jina limekwisha na kazi imekwisha. Shemeji alimwangalia, akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika trela.

"Shemeji, wewe unadhani mimi kila siku nahamia upande huu kwa sababu ya upepo? Dada aliniambia kitambo, ukiongea na mume wangu, kaa kushoto. Dereva wa boti ya mchanga anajua. Hata yule muuza dizeli anajua. Na injini zao bado wanaleta kwako."

Masikio alihisi kifua kinafunguka, pumzi aliyoibana mwaka mzima ikimtoka yote kwa mkupuo, na hakuona aibu kwamba macho yamemlowa. Mwaka mzima amejificha nyuma ya pazia ambalo watu wote wanaona ndani! Alikasirika kidogo, akajicheka, kisha akakaza skrubu mpaka mwisho.

Wakakubaliana kwamba kuanzia leo uani hapo hakuna kufunga wala kufungua. Itakuwa kukaza na kulegeza, maneno yasiyofanana hata kwa kiziwi. Shemeji akaongeza kwamba leo anavuka naye, ng'ambo kuna daktari wa masikio, na hilo si ombi.

Akapanda kwenye usukani. Masikio akasimama nyuma ya boti, akageuza sikio la kushoto, na kwa mara ya kwanza akauliza kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani:

"Haya, bonyeza. Inasemaje?"

"Inavuma, shemeji. Inavuma vizuri."

Na injini ikaanza kupanda.