Mji Wenye Ngazi

Mume wangu hakuwa na makuu. Mji wa kukaa wiki mbili huko Italia, alisema, uwe mdogo, uwe na kituo cha treni, kwa sababu yeye hawezi kuendesha gari upande wa kulia wa barabara, atatuua sote kwenye robot ya kwanza tu, yaani taa za barabarani. Uwe na duka la mikate la kuendea asubuhi kwa miguu. Na uwe tambarare. Hilo la tambarare alilisema huku akijipapasa goti, aliloliumiza akicheza mpira na vijana wa kanisani katika umri ambao mtu mzima anapaswa kukaa pembeni akishangilia. Tupafanye hapo ndipo kwetu, kila siku tupande treni tukaone mashamba na miji mingine, jioni turudi kwenye kitanda kile kile. Nikamwambia sawa, nitautafuta.

Nilikuwa nautafuta Jumamosi, mezani jikoni kwetu hapa Bluff, Durban, yeye akiwa zamu kiwandani Jacobs. Kompyuta ilinionyesha miji mpaka yote ikafanana: mnara, kanisa, viti vya plastiki nje ya mkahawa, paka kwenye ukuta. Huu una treni lakini uko mlimani. Huu ni tambarare lakini duka la mikate lilifungwa. Nilikunja uso na kubofya kana kwamba nafanya kazi ngumu, wakati mji wenyewe nilikuwa naujua tangu mwanzo. Ulikuwa na kituo cha treni. Ulikuwa na duka la mikate chini ya baraza ndefu, soko kila Alhamisi, mto pembeni, na barabara zilizonyooka ambazo hata mtu wa magongo angezipita bila shida. Ndiko anakoishi mdogo wangu.

Mdogo wangu yuko Italia mwaka wa tisa sasa. Anamtunza bibi mmoja mzee. Anamwogesha, anampikia, anamtembeza, na usiku analala chumba kilicho jirani na chake ili amsikie akiita. Huyu mdogo wangu nimemlea mimi. Mama alikuwa anauza sokoni, na mimi nilikuwa naruka kamba na wenzangu yeye akiwa amefungwa mgongoni kwangu, kichwa kikimtikisika. Mama alipofariki, karatasi za mdogo wangu zilikuwa hazijatoka, hakuweza kuja kuzika. Nilisimama kaburini nimeinua simu ili naye aone. Mkono ulichoka nikaushusha bila kujua. Miezi mingi baadaye ndipo aliponiambia kwamba maziko yote aliona viatu vya watu tu.

Aliposikia tunakuja Italia, alinipigia siku hiyo hiyo. Alikuwa ameshazungumza na watoto wa yule bibi, wamekubali kumpa likizo wiki nzima na kutafuta mtu wa kushika nafasi yake. Huyo mtu ndiye atakayelala chumbani kwake, kwa hiyo yeye atakuja kulala kwetu, nyumba yoyote tutakayopanga pale mjini.

"Shemeji atalala sebuleni, atanisamehe," akasema. "Mimi na wewe chumba kimoja, dada. Kuna mambo ya mama nataka unisimulie, na sitaki ya simu."

Nikamwambia hiyo itakuwa vizuri sana. Nilipokata simu nilinyong'onyea, nikakaa pale jikoni bila hata kuwasha jiko.

Sikumchoka mdogo wangu. Nilichochoka ni kuwa kifungua mimba. Hapa Durban nimekuwa kifungua mimba wa simu kwa miaka: nani kalazwa, nani kafukuzwa shule, kaka wamegombania shamba gani, mchango wa harusi umefika wapi. Kila likizo niliyopata chuoni ninakofundisha ilikwenda nyumbani Kenya, na huko hakuna likizo, kuna vikao. Hii ilikuwa mara ya kwanza mimi na mume wangu kwenda mahali bila kuitwa na mtu. Nilijua mdogo wangu atalia, nami itabidi niwe ninayemnyamazisha. Atauliza mama alisema nini mwishoni, na itabidi niyarudie yote. Nilitaka wiki mbili ambazo hakuna mtu anayeniita dada. Ni aibu kuyaandika haya, lakini ndivyo nilivyotaka, na nilitaka kwa nguvu zote.

Basi nikaanza kuutafutia kasoro mji usio na kasoro.

Nilianzia saluni. Anayenisuka ni mama wa Kikongomani, yuko Durban na karatasi za ukimbizi ambazo hazimruhusu kwenda mbali, na mdogo wake wa kiume yuko Ubelgiji, hawajaonana tangu ujana. Nilimwambia kwamba mji wa mdogo wangu hauna cha kuona, tunatafuta mwingine wa juu zaidi. Akajibu huku akisuka.

"Dada, mdogo yako iko kule, na unatafuta nyumba mbali na yeye? Mimi ningelala kwake hata chini, hata kwa cuisine, pale wanapikia."

Nikasema ni mambo ya goti la mume wangu. Hakuuliza zaidi, ila nadhani alizivuta nywele kuliko kawaida, na sikulalamika.

Hilo goti ndilo nililokuja kulitumia. Mume wangu aliporudi na kuniuliza kwa nini tusikae kwa shemeji yake, maana mji una kila alichoomba, nilimwambia bondeni kule mto unatoa ukungu, na ukungu unaingia kwenye maungio. Akaniuliza nani kasema. Nikasema nimesoma. Nikamwonyesha mji wa mlimani, wenye kuta za mawe na mashamba ya mizeituni chini yake, upande wa pili wa milima kutoka kwa mdogo wangu. Akauliza treni. Nikasema kuna basi. Akauliza kama ni tambarare, nikasema kiasi. Amenioa miaka mingi, ananijua nikidanganya kwa sababu naanza kupanga vyombo.

"Wewe ndiye unayemjua mdogo wako," akasema, akaenda kupiga pasi shati lake la kanisani.

Nikapanga nyumba usiku ule ule, ya chumba kimoja na kitanda kimoja. Zilikuwepo za vyumba viwili.

Kumwambia mdogo wangu kulinichukua siku kadhaa. Nilipiga simu nikiwa ndani ya gari, nimeegesha barabara ya kutoka Cato Manor, mbali na nyumbani, ili mume wangu asinisikie. Nikamweleza habari za goti na ukungu. Kisha nikaongeza daktari. Nikasema daktari kamshauri mume wangu akae sehemu za juu, zenye hewa kavu. Huyo daktari nilimtunga palepale, nikampa na ukali kidogo.

Aliniuliza jina la mji. Akasema hajawahi kufika ila ameusikia, watu wanausifu. Kisha akauliza kama nyumba ina nafasi, na nikasema ni ndogo, ya watu wawili.

"Basi ile wiki nitawarudishia," akasema. "Wasitafute mtu bure. Nitakuja Jumapili, siku yangu ya kupumzika."

Nikasema, "Jumapili itatosha."

Ningeweza kusema neno lolote lingine. Mpaka leo nikiwa nimesimama kwenye foleni, au darasani nikisubiri wanafunzi watulie, hayo maneno mawili yananirudia, na uso unapata moto.

Mji ulikuwa mzuri, siwezi kuusingizia. Asubuhi ukifungua dirisha unaona mashamba mpaka yanapoishia, na kengele zinalia mbali. Lakini ulikuwa mji wa ngazi. Ngazi za mawe kwenda dukani, ngazi kwenda kanisani, na kutoka nyumba yetu mpaka kituo cha basi ni ngazi moja kwa moja, zimechakaa katikati kwa kukanyagwa. Picha hazikuonyesha hivyo, na mimi sikuuliza. Mume wangu aliteremka kiubavu, mkono ukutani, hatua moja, anapumzika, hatua nyingine. Hakulalamika hata siku moja. Angelalamika ningepata pa kujibia.

Jioni tulikaa uwanjani kunywa kahawa. Hapo walikuja wanawake wageni, wengine weusi kama mimi, wakisukuma wazee kwenye viti vya magurudumu. Waliwafunga skafu vizuri, wakawapangusa midomo. Mmoja alinitazama akanitabasamia kama anayenifahamu. Nikajifanya natafuta miwani kwenye mkoba.

Jumapili tulitoka kumpokea kituoni. Alikuwa amebadilisha mabasi njiani, na moja liliwahi. Tulikuwa hatujafika hata nusu ya ngazi tulipomwona anapanda kutoka chini, amebeba mfuko mkubwa. Nilimtambua kwa mwendo kabla ya uso. Amenenepa kidogo, na nywele za mbele zimeanza mvi, mtoto niliyembeba mgongoni.

Akainua kichwa. Akatuona. Akafungua mdomo kuniita, halafu macho yakaenda kwa mume wangu, aliyekuwa kiubavu, viganja viwili ukutani, akiutafutia mguu wake pa kukanyaga. Akamtazama goti. Akageuka kutazama ngazi alizozipanda, kisha akazitazama zilizobaki juu yetu. Niliuona uso wake ukifika mwisho wa hesabu. Ulifika taratibu, na ulipofika ukatulia.

Alinikumbatia. Alinikumbatia vizuri, siwezi kusema vinginevyo. Kisha akanipa mfuko, akaenda kwa mume wangu, akauweka mkono wa shemeji yake begani mwake, na kuanza kumpandisha.

"Pole sana na goti, shemeji," akamwambia.

"Asante," mume wangu akajibu. Hakunitazama.

Ndani ya mfuko mlikuwa na chapati alizozifunga kwa kitambaa, na kuku, na sukuma wiki aliyoiotesha kwenye debe kwenye veranda ya yule bibi. Tulikula. Alimwuliza mume wangu habari za kiwandani, akaniuliza watoto wetu wanasoma nini, akasifu dirisha. Aliosha vyombo ingawa nilimkataza. Mlango wa chumba ulikuwa wazi, kitanda kinaonekana, na alipopita kwenda kunawa mikono aliupita bila kuangalia ndani. Mimi nilikuwa tayari. Maneno ya mama nilikuwa nayo yote mdomoni, tangu alipoomba maji mpaka alipomtaja yeye, kitinda mimba wake, nikisubiri tu aniulize. Hakuuliza. Basi la kurudi lilipokaribia alivaa koti, akasema tusiteremke, ngazi ni nyingi.

Tumesharudi Durban. Ananipigia kila Jumapili kama zamani, na siku hizi anaanza kwa kuuliza goti la shemeji linaendeleaje. Namwambia linaendelea vizuri. Juzi nilijikaza, nikamwambia nataka nimsimulie siku za mwisho za mama, nianze mwanzo. Akasema tutaongea siku nyingine, bibi anamwita. Nilikuwa nimebana simu sikioni, na kule kwake sikusikia mtu akiita.