Mashine Iliyojizaa

Hili ninaloandika mtasema Mjomba keshaanza, nami nawaruhusu. Hata aliyekuwepo hakuamini. Mimi mwenyewe niliyelifanya huwa najishangaa kwenye kioo ninaponyoa ndevu.

Nina mpwa, binti wa dada yangu mkubwa. Nyumbani tunamwita Antena, kwa sababu tangu mdogo alikuwa ananasa maneno ya chumba cha tatu. Akiwa na miaka tisa aliifungua redio ya baba yake, akaifunga tena, zikabaki skrubu mbili mkononi, na redio ikaimba vizuri kuliko mwanzo. Skrubu hizo anazo mpaka leo, kaziweka pamoja na hereni. Mchana aliuza duka la viatu, jioni akasomea kompyuta. Mara nne alikwenda kwenye usaili akaambiwa tutakupigia simu. Mara ya tano hospitali ikamchukua, miezi mitatu ya majaribio.

Hospitali yenyewe ndiyo hii ninayoiendesha mimi. Kwa cheo ni msukuma machela, lakini ulizeni nani anajua kila mlango unaokwama. Mganga mkuu akipotea hunifuata nyuma.

Kazi ya Antena ni kuchunga mashine. Kuna programu inayopita kwenye mtandao ikibisha hodi kwa kila mashine, kuanzia kompyuta ya mapokezi hadi friji ya damu: upo? Ikijibu, kwenye skrini kunakaa kitone cha kijani. Ikinyamaza, chekundu. Anwani zote za kubisha hodi zimeandikwa kwenye faili moja la maelekezo, na humo kila mashine ina jina lake na jina la mzazi wake, yaani mashine inayoipa njia. Mzazi akizimika, watoto wote kimya. Hilo nililielewa haraka kuliko yeye. Nina watoto saba.

Siku ya mwisho ya majaribio, saa nne asubuhi, nikampelekea chai, nikamkuta kashika kichwa. Skrini nyeusi tii, hakuna kitone hata cha dawa.

"Antena, nani kafa?"

"Mimi, Mjomba. Nakufa saa sita."

Jana yake alilisafisha faili aliloachiwa na fundi aliyemtangulia. Tangu hapo programu imegoma kuwaka. Saa sita Katibu wa hospitali angekuja kuitazama skrini, aikubali asaini ajira yake, au asisaini. Wakati huo wauguzi walikuwa wanakwenda kwa zamu kuangalia kipimajoto cha friji ya damu kwa macho yao, na kila aliyepita dirishani alimtupia jicho.

"Si urudishe faili la zamani?"

"Nimehifadhi jipya juu yake. Usimwambie mtu."

"Mimi? Ukinifungua mdomo utakuta kufuli."

Nikamuuliza programu inalalamika nini.

"Inasema mashine inayoitwa kuu imejizaa yenyewe."

"Basi ni ya ukoo wetu. Babu yako naye alidai hivyo hivyo."

Hakucheka. Akanionyesha kuu, mstari wa kumi, ile swichi kubwa ya chumba cha umeme, kisanduku kinachogawa mtandao. Mahali pa mzazi palikuwa patupu.

"Haina mzazi, Mjomba. Nimeitazama mara mia. Imejizaaje?"

Akalifunga faili, akalifungua. Akalifunga, akalifungua. Machozi yakadondokea kwenye vitufe, akayapangusa kwa mkono wa sweta, mkono ukaandika mambo yasiyosomeka, akaanza kuyafuta nayo.

Kufika saa tano na robo alikuwa keshatia kikombe na chaja kwenye mkoba. Hapo utani ulinikauka. Sikumwona hivyo hata alipofiwa na baba yake.

"Mama keshawatangazia jirani wote," alisema. "Naanzia wapi kumwambia?"

"Kwani kulisafisha ulifanya nini hasa?" Nilitafuta tu la kusema.

"Kitu kidogo. Yule fundi alikuwa mvivu. Mashine kumi na moja, mahali pa mzazi kaandika 'wazazi'. Wazazi gani sasa? Nikaiamuru kompyuta kila penye 'wazazi' iweke 'kuu', kwa kuwa mzazi wa wote ni kuu."

Nikaweka kikombe chini.

"Wewe mtoto. Mimi nimesukuma machela kwenda wazazi miaka ishirini na mbili. Wazazi si baba na mama. Wazazi ni wodi."

Akanitazama kama mtu aliyemwagiwa maji.

"Kule kuna swichi?"

"Juu ya mlango wa chumba cha kujifungulia. Ina taa zinakonyeza."

Akaitafuta. Mstari wa mia mbili na kumi: swichi ya wodi, iliyokuwa inaitwa wazazi, mtoto wa kuu. Amri yake ilikuwa imeila hata jina. Sasa ilikuwa kuu, mtoto wa kuu. Kumbe muda wote alikuwa anamhoji kuu asiye na kosa.

Akaipa swichi jina lake. Nikamtajia vyombo vya wodi ile kitanda kwa kitanda, yeye anawarudishia mzazi wao mmoja mmoja. Saa sita kasoro dakika tatu akabonyeza. Skrini ikabaki nyeusi. Akafumba macho, akanishika mkono mpaka nikaumia. Halafu kikatokea kitone kimoja, cha friji ya damu, kijani. Kisha vingine, kama upele.

Katibu akaingia, akatazama, akasaini akiwa amesimama, akauliza kama chai imebaki.

Habari ikavuma. Wauguzi wakamiminika, wagonjwa wakanyanyuka vitandani, watu kama mia mbili, wakanilaza kwenye machela yangu mwenyewe wakanizungusha wodi zote, na Katibu akatangaza kwamba kuanzia leo faili lolote lisiguswe kabla Mjomba haja—

"Mjomba." Antena kasimama nyuma yangu, anasoma. "Tulikuwa watatu. Na hiyo machela, tangu saa nne uliiacha wapi, na juu yake alikuwa nani?"