Wifi Anapita

Watembeaji wanaobeba mikoba mgongoni kutoka stesheni ya zamani hadi ng'ambo ya vilima, mwendo wa siku kadhaa, husimuliwa kwamba njia yao iliokolewa na upendo wa mama mmoja. Fundi cherehani anayekaa katikati ya njia hiyo huwasikia wakisimuliana chini ya dirisha lake. Haachi kushona.

Zamani watu waliifuata njia hiyo kwenda kusaga nafaka. Lami ilipokuja wakaiacha. Wengine waliilima, wengine wakaizungushia ukuta. Fundi alipoolewa aliikuta ikikata ua wake, kati ya jiko na chumba cha kushonea, imeota majani. Alikitaka kipande kile kwa jambo moja: kumjengea mama yake chumba. Mama alikuwa mgonjwa wa kifua na hakuwa na mtoto mwingine.

Mumewe, dereva wa lori, alikubali, na mtaro wa msingi ukachimbwa. Ndipo dada wa mume, aliyekaa nyumba ya tatu, akaenda kuuliza ofisi ya ardhi.

"Njia haifi mpaka iachwe," karani alimjibu. "Mwenye ua akiomba, tunahesabu mwaka; ukiisha bila mguu wa mtu, tunaifuta kwenye ramani naye anajenga. Ikipitwa, hajengi."

Kesho yake alfajiri wifi alifika na fimbo.

"Hodi humu. Siingii, napita tu."

"Unakwenda wapi, wifi?"

"Kwani njia huulizwa inakwenda wapi?"

Akauruka mtaro, akaifuata njia mpaka kilimani, akarudi kwa njia ile ile. Akafanya hivyo kila siku, mvua na jua. Kaka yake alipomsihi, alimjibu mbele ya mkewe: "Mama yetu alifia chumba cha kupanga. Hukumchimbia hata shimo la choo."

Dereva akarudi kwenye lori lake. Hakuligusa tena suala hilo.

Mama wa fundi akalazwa kwenye chumba cha kushonea, nyuma ya pazia la viraka, penye vumbi la vitambaa. Wifi akifika dirishani husimama kidogo.

"Ni mama anayekohoa, au cherehani inadai mafuta?"

Fundi aliinamia mshono wake. Nyuma ya pazia mama aliuziba mdomo kwa kanga, wifi apite kwanza.

Mama alifia nyuma ya pazia hilo. Asubuhi ya maziko wifi alipiga hodi yake, na waombolezaji wakavuta viti wampishe.

Tangu siku hiyo fundi hakuhitaji chumba. Alihitaji njia ife. Miaka ikapita akiyatazama magoti ya wifi.

"Siku hizi yanalia, wifi. Nakusikia kabla hujafika."

"Yatanifikisha. Kuku mgeni ndiye mwenye kamba mguuni."

Asubuhi moja, baada ya mvua, hodi ilikatika katikati. Wifi alikuwa ameteleza, yumo ndani ya mtaro ule ule, mguu umepinda vibaya, na kichwa kinavuja damu.

"Wifi. Nipe mkono."

Fundi alichungulia. "Si njia yako hiyo? Pita."

"Wifi, nakufa mimi."

"Basi kohoa kidogo, nijue si cherehani."

Akarudi kitini, akakanyaga pedali. Alikuwa na sare za shule za kumaliza. Kila sauti ilipopanda, naye alikanyaga zaidi. Aliposimamisha mashine kubadilisha uzi, nje palikuwa kimya.

Waliomkuta ni wawili wa chama cha watembeaji. Walikuwa wakiitafuta njia ya zamani, na kila walikofika waligonga ukuta, hata walishakata tamaa. Hapa tu waliikuta nyeupe, imekanyagwa, na mama mmoja amekufa juu yake. Majirani wakawaambia hajawahi kukosa siku. Mmoja wa watembeaji alilia.

Habari ikasambaa. Wenye kuta wakaona aibu, wakafungua milango. Ofisi ya ardhi ikatangaza kwamba njia haitafutwa kamwe. Mtaro ukafukiwa, na juu yake likajengwa benchi la mawe, mgongo wake ukiegemea ukuta wa fundi. Kibao kinasema: *Pumzika. Hapa alipita aliyeipenda njia.*

Wanapumzika kweli. Hula, hucheka, huvua viatu. Kisha mmoja huingiza kichwa dirishani.

"Hodi, mama. Hatuingii, tunapita tu. Ulimfahamu?"

"Alikuwa wifi yangu."

"Una bahati," husema, na kuomba maji.