Nilisema kwa Hasira, Kijiji Kikanitii

Nimekosa, jamani! Sina wa kumsingizia. Maneno yalitoka kinywani mwangu mwenyewe, tena kwa kipaza sauti.

Mimi ni mwenyekiti wa kamati ya maji kijijini kwetu, upande wa Kengeja. Tulikuwa tunachimba mtaro wa bomba kwa msaragambo, kila nyumba itoe mtu. Mzee mmoja, nimwite Faki, hakuonekana hata mara moja. Nami nina hasira za karibu, muulizeni mke wangu.

Basi mkutanoni nikapandisha: "Ntu asotoka kuchimba mtaro, siku akifiwa asitutazame. Kaburi achimbe mwenyewe!"

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Nikanogewa! Nikarudia, safari hii nikamtaja jina.

Laiti ningeuliza kwanza! Mzee Faki alikuwa hospitali akimuuguza mkewe, Bi Time. Haukupita muda, Bi Time akafariki.

Nilipopata habari nilichukua jembe nikaenda makaburini. Nilidhani nitakuta vijana wamejaa, kama ilivyo kawaida yetu. Nikamkuta Mzee Faki na shemeji yake, basi! Nikarudi mtaani, nikapita mlango kwa mlango nikibembeleza. Kijana mmoja akanijibu bila hata kuinuka barazani:

"Mwenyekiti, si weye ulosema? Siye twafuata kauli yako."

"Zilikuwa hasira tu, mwanangu!"

"Mbona siku ile hukutwambia?"

Nikarudi makaburini, tukachimba sisi watatu.

Kwetu jeneza hugombewa. Kila mtu anataka thawabu, watu hupokezana mabega mpaka makaburini. Siku ile hatukuwa na wa kutupokea. Tukachoka, tukalitua njiani. Maiti ya mama wa watu, njiani! Mzee Faki akasimama kando analia kwa sauti, na mimi nikatamani ardhi inimeze. Mpaka leo salamu yangu haitikii.

Maji sasa yanatoka bombani, lakini mimi situlii. Nikikaa nainuka. Chakula hakipiti. Mara ngapi nimetoka kwenda kumwomba radhi, nikifika uchochoroni kwake nageuza. Mwoga mimi!

Juzi mama yangu, ambaye ni mgonjwa wa kitandani, alinishika mkono.

"Mwanangu, nenda kan'ombe radhi Faki. Mie naogopa kutuliwa njiani."

Wallahi nililia kama mtoto. Leo baada ya Alasiri nakwenda kwake. Asiponifungulia, nitakaa pale pale mlangoni.

Nyie mliopewa uongozi, hata wa kamati ndogo kama yangu, nawaombeni sana. Wazee walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Hasira zikikupanda, mpe mwenzio kipaza sauti, wewe ukae. Ukishatamka, watu wako watatenda, na siku utakayotaka kuwazuia hawatakusikia.